Yungiyungi limejaa majani, maua hakuna

Swali
Habari wakuu. Nina yungiyungi la aina inayostahimili baridi, mwaka wa tatu sasa limo kwenye beseni la lita 10 bila kuguswa. Majani yanabanana na kusimama juu ya maji badala ya kulala, na msimu huu limetoa maua mawili tu. Kina cha maji hakijabadilika, na jua linapiga bwawa tangu asubuhi mpaka alasiri. Niongeze mbolea au nilihamishe? Samaki wamo.

Jibu
Mkuu, lihamishe. Majani yakisimama hivyo na maji hayajapungua, tunguu (shina nene linalotambaa udongoni) limejaza beseni na halina pa kwenda. Mbolea itakuongezea majani tu.

Ligawe majira ya joto yakianza, linapoanza kuchipua. Osha udongo wote utoke. Utaona tunguu nene kama kidole gumba, lina makovu ya vikonyo vya zamani. Mwisho mmoja ni mweusi na mkavukavu, mwingine una vijani vidogo vilivyojikunja. Kwa kisu kikali kata sentimita 10 hadi 15 kuanzia kwenye hivyo vijani, ukuukuu utupe. Palipolainika na kunuka ni uozo: kata mpaka ufikie nyama ngumu nyeupe, na ukikosa nyama nzima, usilirudishe bwawani hata kidogo.

Beseni liwe pana kuliko kwenda chini, upana sentimita 40 na kina 20 hivi. Tumia udongo mzito wa mfinyanzi. Mboji na samadi hapana, zinaelea, zinaoza na kulisha mwani. Tunguu hutambaa kuelekea upande mmoja, kwa hiyo mkia uliokatwa uegemeze ukingoni na ncha yenye vijani ielekee katikati, ikiinuka kidogo na kuchungulia nje ya udongo. Juu tandaza changarawe sentimita 2, ila ncha usiifunike, ikizikwa inaoza.

Jibu
Naongezea kuhusu kina, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Usilizamishe moja kwa moja. Panga matofali chini ya beseni, maji yawe sentimita 15 juu ya ncha; majani yakifika juu, toa tofali moja moja mpaka 30 au 45. Vidonge vya mbolea vya mimea ya majini visukume kwenye udongo sentimita 10, mbali na tunguu, kisha ziba tundu. Rudia kila wiki 4 hadi 6 wakati linakua. Ukiwa na bomba la kurusha maji, lisogeze mbali, majani hayapendi kulowa juu muda wote.

Mwenye swali
Nimeelewa, asanteni. Na vidukari vyeusi kwenye majani?

Jibu
Vipige kwa maji ya mpira viangukie bwawani, samaki watavila. Dawa ya wadudu usiguse, itaua samaki. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano yakate chini kabisa kwenye kikonyo, yasiozee majini.