Kambi ya masomo likizo ya Juni: nimpeleke mtoto au nimwache? Naombeni ushauri

Kobe wa Kisarawe
Wakuu, habari za jioni. Shule anayosoma kijana wangu imetangaza kambi ya masomo likizo hii. Watoto wanalala hapohapo shuleni wiki tatu, hesabu na Kiingereza asubuhi mpaka usiku, maana mwaka huu ana mtihani wa taifa. Kuripoti ni Jumatatu. Mliowahi kupeleka, kambi hizi zinasaidia kweli au ni mradi wa walimu? Majibu ya kiungwana tafadhali, nina mawazo sana.

Ngoja Waje
Siti ya mbele, karanga mkononi.

Mwalimu wa Zamu
Zinasaidia kama mtoto ana msingi. Nimesimamia kambi za darasa la saba. Wiki ya kwanza wamechangamka, ya pili wanasinzia juu ya madaftari, ya tatu unafundisha madawati. Kinachopandisha ufaulu ni kupitia mitihani ya nyuma, na hiyo hata nyumbani anaifanya. Wako yuko darasa gani? Umesema "mtihani wa taifa" ukanyamaza.

Skauti Mstaafu
Hizo si kambi, ni madarasa yenye magodoro. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi yake kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alichukua vijana kama 20, watoto wa wakubwa na wa wafanyakazi, akawachanganya kwenye vikosi vimoja. Wakafunga mafundo, wakafuata nyayo, wakajifunza kuokoa mtu. Hakuna aliyekaririshwa jedwali la saba. Mzee mwenyewe amezikwa Nyeri, Kenya, si mbali, nendeni mkamsalimie.

Kobe wa Kisarawe
Mwalimu, yuko la nne.

Mwalimu wa Zamu
La nne! Waraka wa elimu wa 2023 ulisitisha bweni kuanzia awali mpaka la nne, tangu Machi 1 mwaka ule. Kulala shule wiki tatu ni nini kama si bweni? Kawaombe wakuonyeshe kibali.

Kobe wa Kisarawe
Mkuu, wazazi wote tumesaini, hakuna aliyeshikiwa fimbo. Nusu ya hela nimeshatoa, godoro na ndoo nimenunua. Nimeuliza faida ya kambi, sijauliza sheria.

Nairobi Baridi
Pole ndugu yangu. Huku kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya likizo waziwazi, na bado likizo ikifika binti yangu anabeba begi. Mwalimu wake anaita marudio, mimi naita M-Pesa.

Mama Wawili Minnesota
Huku kiangazi shule zinafungwa miezi miwili na zaidi, basi kila mzazi anahangaika na kambi: ya mpira, ya kuogelea, ya roboti. Mdomoni tunasema elimu. Ukweli, wengi tuko kazini na mtoto hana wa kubaki naye. Wa kwako akibaki nyumbani anabaki na nani? Na yeye anasemaje?

Kobe wa Kisarawe
Hataki. Analia tangu juzi. Sababu naijua: bado anakojoa kitandani. Mwalimu sijamwambia. Nimeona akikaa na wenzake atashikwa aibu, ataacha.

Ngoja Waje
Hilo godoro umelivalisha nailoni?

Bi Shuwea wa Tanga
Wewe wa karanga, nyamaza. Mwanangu Kobe, mdogo wangu walikuwa wanambebesha godoro kila alfajiri, analipitisha mbele ya mstarini shule nzima inaona. Alichoacha ni shule, kukojoa aliendelea. Wengine ni usingizi mzito tu, wengine choo kigumu kinabana kibofu. Mpeleke hospitali, dawa zipo. Usimchape.

Fundi Saa
Wakuu, mnakunywa chai, hadithi ya kutunga hii. Huyu mwezi wa tatu alifungua uzi wa kutafuta mchumba, akaandika "sina mtoto, sijawahi kuoa". Leo mtoto yuko la nne. Alizaliwa na sare?

Ngoja Waje
Ya rangi au ya maziwa?

Kobe wa Kisarawe
Siyo chai. Mtoto ni wa dada yangu, yuko kazini Oman, ada anatuma yeye. Mimi ni mjomba, naishi naye wawili tu, na mimi ni mlinzi, naingia usiku. Ningeandika hivyo mwanzoni mngenirukia.

Fundi Saa
Sasa imetiwa na tangawizi.

Mama Wawili Minnesota
Kwa hiyo unatafuta pa kumlaza, hesabu ni kisingizio. Usiku analala na nani?

Kobe wa Kisarawe
Mama jirani anamchungulia.

Mwalimu wa Zamu
Dada yako anajua habari ya kambi?

Kobe wa Kisarawe
Anajua ada imepanda. Mengine nitamweleza mtoto akishazoea.

Bi Shuwea wa Tanga
Oman wametutangulia saa moja tu. Hajalala huyo, mpigie.