Kocha ananiita Makelele, nifurahi au ninune?

winga_wa_makorora
Wakuu salaam. Mi niko Tanga hapa, nachezea timu ya mtaani kwetu Makorora, tangu naanza mpira mi ni winga, namba saba, kazi yangu kukimbia pembeni na kupiga chenga watu washangilie, basi. Sasa msimu huu tumepata kocha mpya, mtu mzima, wiki ya pili tu akanitoa pembeni akaniweka namba sita eti nikae mbele ya mabeki. Nimenuna lakini nacheza. Juzi mazoezini akaniita mbele ya wenzangu "we Makelele hebu njoo", timu nzima ikacheka na toka siku hiyo jina limeganda, mpaka mama anayeuza mihogo kando ya uwanja ananiita Makelele.

Mi nikajua ananisema kwamba nina kelele. Mshkaji mmoja akaniambia acha ushamba, Makelele ni kiungo wa zamani wa Ufaransa, mtu hatari sana. Mi nimezaliwa 2005, viungo wa Ufaransa ninaowajua ni kina Kanté na Camavinga. Nikatafuta video zake, nimekaa dakika nne nzima sijaona chenga, sijaona shuti, anachukua mpira anampa wa karibu, anachukua tena anampa wa karibu. Hivi huyu mtu alikuwa na nini cha ajabu? Mliomuona naombeni mnieleweshe, maana sijui nimshukuru kocha au nikamwombe anirudishe pembeni.

mzee_wa_kashata
Mdogo wangu umenichekesha, na umenikumbusha mbali. Kwanza video za dakika nne hazimfai yule mtu, yule ilibidi umwangalie dakika tisini. Msimu wa 2004/05 tulikuwa tunaangalia Chelsea kwenye kibanda umiza kule Ngamiani, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na magunia, joto lake usiseme. Kulikuwa na mzee mmoja wa bandarini anakaa benchi la mbele kila mechi. Siku moja tunabishana kama wewe hivi, kwamba huyu mfupi anafanya nini uwanjani, yule mzee akainuka akaenda mpaka kwenye tv akamwekea kidole Makelele. Watu wakamzomea, mzee toa mkono tuone mpira! Hakutoa. Kamera ikienda kushoto Makelele yupo, ikienda kulia yupo, na kile kidole hakikuhama zaidi ya upana wa kiganja, yaani popote mpira ulipokuwa yeye yuko nyuma yake hatua chache, anausubiri uharibike auokote. Mzee akarudi kukaa, hakusema neno. Mi toka siku ile nikaanza kumwangalia yule badala ya mpira.

Sasa historia yake. Claude Makélélé kazaliwa Kinshasa, Februari 1973, akapelekwa Ufaransa bado mtoto mdogo. Na hili litakufurahisha, alipokuwa Nantes na yeye alikuwa anacheza pembeni kulia, kama wewe. Ile Nantes ilichukua ubingwa wa Ufaransa 1995 na msimu mzima kwenye ligi ikafungwa mechi moja tu. Akapita Marseille mwaka mmoja, halafu 1998 akaenda Celta Vigo kule Hispania, na huko ndo alipokomaa hasa kama mkata umeme, yaani kiungo wa kuvunja mashambulizi. Celta ile ilimpiga Juventus 4-0 mwaka 2000 kwenye kombe la UEFA, na bao la kwanza la dakika ya kwanza kabisa kafunga yeye Makelele, Benni McCarthy wa Afrika Kusini akaweka mawili. Kwa hiyo usidhani alikuwa hajui kufunga, aliacha.

mgosi_wa_pongwe
Mzee wa kashata umenena, ila umeruka utamu wenyewe, Madrid.

Alienda Real Madrid 2000, kiangazi kile kile alichokwenda Figo. Akaja Zidane, akaja Ronaldo wa Brazil, mastaa mtupu, hakuna anayerudi kukaba. Nani anakaba? Makelele. Wakachukua ligi 2001, wakachukua Ulaya 2002 pale Glasgow, lile bao la Zidane la mguu wa kushoto kila mtu analijua, wakachukua ligi tena 2003. Jamaa akaona mbona mshahara wangu uko mbali sana na wa hawa ninaowafagilia uwanja, akaomba aongezewe. Rais wa klabu Florentino Pérez akagoma. Kiangazi hicho hicho cha 2003 wakamleta Beckham, Makelele akauzwa Chelsea, kama pauni milioni 16 na ushee. Na Pérez akamsindikiza na maneno, kwamba hajui kupiga kichwa, pasi zake nyingi za nyuma na za pembeni, hatutamkumbuka.

Inasemwa Zidane alinung'unika kwamba unaongeza rangi ya dhahabu kwenye gari la kifahari la Bentley wakati injini umeiuza. Sisi wa pwani tungesema unalipaka jahazi rangi huku usukani umeshaupeleka mnadani. Baada ya hapo Madrid hawakuiona ligi tena mpaka 2007. Beckham mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri tu, simsemi vibaya, lakini nani alikuwa anamfunikia?

dogo_chuma21
Wazee mnapenda sana ya zamani. Kanté ni baba yake huyo Makelele!! Kante 2016 bingwa na Leicester ambayo hata hamkuijua, 2017 bingwa na Chelsea, misimu miwili mfululizo timu mbili tofauti, 2018 kombe la dunia, 2021 klabu bingwa Ulaya na fainali kule Porto mchezaji bora wa mechi ni yeye. Makelele kombe la dunia analo??? Na Kante huyo mpaka 2013 alikuwa daraja la tatu Ufaransa na Boulogne, watu walikuwa wanasema mfupi, ndo Caen wakamchukua wakapanda naye. Sasa nani zaidi?

mzee_wa_kashata
Dogo taratibu, hakuna aliyemgusa Kanté wako. Kombe la dunia kweli hana. Alikuwa kwenye ile fainali ya Berlin, 9 Julai 2006, moja moja na Italia, wakafungwa kwa penalti. Na ile alishastaafu timu ya taifa, wakarudi yeye na Zidane na Thuram 2005 Ufaransa inahangaika kufuzu. Mechi 71 za taifa, bao hana hata moja.

Ila ni watu wawili tofauti hawa. Kante anaufuata mpira kama mtoto aliyeibiwa baiskeli, yuko huku, yuko kule, unadhani wako wawili. Makelele hakimbii, anakuwa ameshafika. Kwa kocha wa mchangani, Kante humpati, mapafu yale Mungu kampa peke yake. Makelele unaweza kumfundisha mtu, hasa mtu mwenye akili.

namba_sita_mstaafu
Nimecheza hiyo namba miaka tisa ndondo za Tanga hii, Chumbageni mpaka Pongwe, meno mawili ya mbele nimeyaacha huko, kwa hiyo nisikilize mimi achana na hao wa makombe.

Mdogo wangu winga, kosa lako najua hata sijakuona, mpira ukipotea unaukimbilia. Usiukimbilie. Angalia nani wao amesimama peke yake, kamfuate huyo, mpira utakuja wenyewe. Kabla hujapokea pasi geuza shingo, kushoto, kulia, mara mbili, wenzako watakucheka kama kuku anayetafuta punje lakini utajua pa kuutoa kabla haujafika. Na ile pasi fupi uliyoidharau kwenye video, jaribu kuipiga kwenye ule mchanga wetu, mguu unazama, watu wawili wamekuvaa mgongoni, halafu ndo uniambie ni rahisi. Beki zako za pembeni zikipanda wewe usipande. Hata shangwe ya bao, kashangilie nusu ya kwenu.

Chelsea ya kocha Mourinho, huo msimu mzee anaousema, walifungwa mabao 15 tu ligi nzima, mechi 38. Lampard alikuwa anapanda anafunga bila hata kugeuka nyuma, kwa sababu alijua nani yuko nyuma. Waingereza mpaka leo hiyo nafasi wanaiita kwa jina lake, nafasi ya Makelele. Wewe kocha kakupa jina la nafasi nzima halafu unauliza unune!

mgosi_wa_pongwe
Na lile bao lake la kwanza Chelsea mmelisahau? Mei 2005, siku ya kukabidhiwa kombe, nyumbani na Charlton, 0-0 mpaka dakika za mwisho kabisa, wakapata penalti. Wenzake wakamwambia piga wewe, msimu mzima hujafunga. Akapiga... kipa akaokoa! Mpira ukamrudia akausukuma ukaingia kwa shida, wakamrukia wote kama kafunga fainali. Miaka mitano ya Chelsea mabao ya ligi mawili tu, hilo na lile la Tottenham 2006 kapiga bila kuushusha chini, bao kali kweli, na siku hiyo wakafungwa 2-1. Huyo ndo Makelele.

Halafu lingine, jina. Mtu anaitwa makelele, hata Kilingala cha kwao makelele ni haya haya yetu, na uwanjani ndo alikuwa hana makelele kabisa. Nacheka kila nikikumbuka.

dogo_chuma21
Sawa nimekubali kidogo. Ila Kante zaidi.

winga_wa_makorora
Wakuu nimerudi na mrejesho. Kwanza asanteni sana wote, mzee wa kashata na mstaafu hasa, nimeshinda siku mbili nasoma hapa na kifua mbele, hata kwenye kijiwe cha kahawa nimewaelezea watu habari za Madrid na Bentley utadhani nilikuwepo.

Jana baada ya mazoezi nikamfuata kocha, nikamwambia mwalimu nakushukuru kwa jina, nimejua maana yake, nitajitahidi niwe kama Claude Makélélé. Akaniangalia. Akasema Claude yupi? Nikamwambia wa Chelsea, wa Ufaransa. Mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye mpira. Kumbe aliniita hivyo kwa sababu mechi ya kwanza kunichezesha nilibishana na refa toka dakika ya kumi mpaka ya tisini, na kadi ya njano nikala! Akasema "we una makelele kuliko spika ya mnada".

mzee_wa_kashata
Hahahaha daah! Nimemwaga kahawa.

namba_sita_mstaafu
Mi namjua huyo kocha wako, mkorofi toka zamani. Ila muulize swali moja, namba sita alikuweka kwa sababu gani?

winga_wa_makorora
Niliuliza. Kasema namba saba yupo mtoto mmoja ana kasi kunizidi, na sita wetu kaenda Dar kutafuta kazi. Jumamosi tunacheza saa kumi, nimeambiwa nikiongea na refa tena natolewa sabu hapo hapo.