Tupeane uzoefu: mpira mpya wa bolingi siku ya mashindano

MzeeWaLeni: Wakuu, msimu umeanza na tayari naona watu wanaingia mashindanoni na mpira uliotobolewa matundu ya vidole jana yake. Nini huharibika kwanza? Mwageni yote hapa.

GumbaKavu: Tundu la gumba, hakuna kingine. Asubuhi limekaa vizuri, mchezo wa tatu kidole kimevimba. Linakwama nusu sekunde tu: mkono umeshapita kifundo cha mguu, mpira wa pauni 15 bado unaning'inia, mwili unavutwa mbele, mguu unavuka mstari, taa ya faulo inawaka. Hata pini zote 10 zikilala, mpigo huo ni sifuri. Kibaya zaidi ni kinachofuata, maana mchezaji anaanza kuukaba mpira kwa woga, na ukikabwa haupati mzunguko. Dawa: tundu litobolewe lizidi kidogo, ubandike vipande vya tepu ndani, uvibandue kimoja kimoja kidole kinavyovimba. Na ukingo wa tundu jipya ni mkali, usuguliwe mpaka uwe laini.

Pini7: Nakazia.

DadaSpea: Hilo la kukaba lisipite hivi hivi. Vidole vya kati vikibaki na alama nyekundu nchani, unakaba. Pima upya upana wa mkono, toka gumba hadi vidole, kabla hujalaumu mpira.

FutiSitini: Turudi kwenye mada. Mpira mpya wa rizini (aina inayokata kona kuliko wa plastiki) una ngozi yenye kiu ya mafuta yanayopakwa kwenye leni. Upige msasa wa namba 2000 kabla ya kuanza, usiuache unang'aa kama ulivyotoka kwenye boksi.

Rizini: Siafiki hata kidogo. Leni zenye mafuta ya futi 40 zikishakauka katikati, msasa wa 2000 unaufanya ukate kona mapema na kufika kwenye pini umechoka. Ndiyo hiyo pini namba 10, ya kona ya nyuma kulia, inabaki imesimama na jirani yake namba 6 imelala mferejini.

FutiSitini: Namba 10 hiyo hiyo inabaki pia mpira ukichelewa kukata! Usitoe dawa moja kwa magonjwa mawili.

MzeeWaLeni: Msigombane, angalieni futi 15 za mwisho. Kama mpira umeshakata na sasa unaenda moja kwa moja, umechoka: mtu wa mkono wa kulia asogeze miguu na shabaha mbao 2 kushoto (zile mbao za sakafu ya leni), au achukue mpira wenye ngozi laini zaidi. Kama bado unateleza unapogusa pini ya mbele, ngozi ni laini mno: arudi kulia kidogo, au achukue mpira uliopigwa msasa.

Rizini: Hapo sawa. Ila msasa unapigwa kabla ya mashindano kuanza. Kwa kanuni za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, mchezo ukishaanza huruhusiwi kubadilisha ngozi ya mpira, na kitambaa cha kufutia kiwe kikavu. Dawa ya kusafishia ibaki kwenye begi.

DadaSpea: Na mnaonunua mitumba, kagueni matundu. Tangu 1 Agosti 2020 tundu la kusawazisha uzito haliruhusiwi, kila tundu liwe la kushikia. Tofauti ya uzito kati ya pande isizidi aunsi 3. Upimwe kwenye mizani mapema, si mezani kwa waamuzi foleni ikiwa ndefu.

Pini7: Na mazoezi ya kabla ya mchezo? Dakika zenyewe chache.

FutiSitini: Usitafute straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpigo mmoja. Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, hapo ndipo mbao ambayo mpira uanze kugeukia, ukihesabu toka ukingo wa leni. Mafuta ya futi 42, mbao ya 11. Piga huko mara kadhaa kwa kasi ile ile, uone mpira unarudi wapi.

GumbaKavu: Mimi nasema tumia mpira wa zamani kwanza, huo mpya uingie leni zikishabadilika.

Rizini: Kinyume chake! Ngozi mpya ina nguvu pale mafuta yanapokuwa mengi, yaani mwanzoni.

DadaSpea: Vyovyote vile, spea ya namba 10 (kuiangusha hiyo iliyobaki kwa mpigo wa pili) usiipige na huo mpya. Mpira wa plastiki, moja kwa moja, ukikatiza leni toka kushoto.