Watoto wanakimbiza stika, hawasomi. Nifanyeje?

Mkutubi_Mchanga
Habari zenu wanajukwaa. Niko upande wa watoto kwenye maktaba ya umma, mwaka wa pili sasa. Likizo hii nimeanzisha mpango: kila kitabu mtoto anachorudisha anabandikiwa stika kwenye kadi, zikifika 20 anapewa begi. Wiki ya kwanza rafu zilibaki tupu, nikajiona bingwa. Wiki ya tatu nikashtuka. Kuna binti wa miaka 10 aliyekuwa akipambana na kitabu kinene cha safari za baharini. Akakirudisha, alama yake ikiwa bado ukurasa wa 64, akachukua vitabu sita vya chekechea, vile vya mistari miwili kila ukurasa. Nikamuuliza mbona hakumaliza. Akasema, "Kile ni stika moja, hivi ni sita." Hesabu yake haina kosa, nikanyamaza.

La pili ni wazazi. Saa ya hadithi ikifika, wengine wanamwacha mtoto mlangoni na kuondoka, wengine wanakaa viti vya nyuma na simu zao. Bosi wangu anachekelea maana idadi ya vitabu vilivyoazimwa imepanda. Mabegi niyafute? Na wazazi nitawavutaje bila kuwafokea?

Vumbi_la_Rafu
Pole mdogo wangu. Nina miaka 19 kwenye kazi hiyo na kosa lako nimelifanya mara mbili, kwa hiyo usijilaumu sana.

Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Wiki moja au mbili baadaye, zawadi ikiwa haipo tena, kundi hilo lilichora kidogo kuliko wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hamu yao haikupungua. Ni kuchora, si kusoma, lakini binti yako na kitabu chake cha bahari nadhani angewaelewa wale watoto.

Mabegi usiyafute katikati ya likizo, utakuwa umevunja ahadi. Badilisha unachohesabu. Hesabu siku: siku aliyosoma au kusomewa, hata dakika kumi, ni stika. Hapo kitabu kinene hakimwadhibu mtu. Kule Uingereza maktaba zina shindano la likizo tangu 1999, na mtoto huchagua mwenyewe vitabu, kwa kawaida sita tu. Katuni inahesabika, kitabu cha kusikiliza kinahesabika. Mwakani, ukipata fungu, acha mabegi, toa kitabu ambacho mtoto kakichagua na hakirudishi. Kule Florida, Marekani, watafiti Allington, McGill-Franzen na wenzao waliwapa watoto wa familia maskini vitabu 12 vya kuchagua wenyewe kila likizo ndefu, miaka mitatu mfululizo. Matokeo waliyatoa 2010: watoto hao waliwazidi kwa kusoma wenzao ambao hawakupewa.

Kuhusu wazazi, ondoa viti vya nyuma. Ndiyo, viti. Mimi nilitandika mikeka, kila mtu mzima akakaa na mtoto wake na kupewa kazi: huyu ni chura, yule ni mvua, wewe utagonga mlango. Mtu akishakuwa chura mbele ya watu, simu haikumbuki. Kisha wafundishe jambo moja la kwenda nalo nyumbani: usisome moja kwa moja hadi mwisho, simama, uliza "unadhani sasa atafanya nini?" halafu subiri. Kusubiri ndiko kugumu. Grover Whitehurst na wenzake walilipima hilo mwaka 1988, na ndani ya mwezi mmoja watoto wa wazazi waliofundishwa kuuliza hivyo waliwapita wenzao kwa kujieleza.

Macho_Makavu
Watoto wa siku hizi ni simu tu. Mnajichosha bure.

Baba_wa_Watatu
Naomba niwatetee watu wa viti vya nyuma, maana nilikuwa mmoja wao. Simu yenyewe mara nyingi ilikuwa imezimika chaji. Nilikuwa naishika tu. Mimi nasoma polepole, herufi zinanikimbia, na nilikuwa naomba Mungu mkutubi asije akanipa kitabu nisome mbele ya watu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka sita na nilishaona ananipita.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maktaba aliyenipa kitabu cha picha tupu, hakina neno hata moja. Akasema, "Hiki kila mtu anakisoma anavyotaka." Usiku ule tulikisoma mara nne na kila mara hadithi ilikuwa tofauti. Mara ya nne mbwa alikuwa ndiye mwizi. Kwa hiyo Vumbi, huo uchura ni mzuri, ila usimlazimishe mtu.

Jambo jingine ni faini. Kabla ya hapo tulikaa mwaka mzima bila kukanyaga maktaba kwa sababu kitabu kimoja kilimwagikiwa maji. Mke wangu alikificha kabatini, chini ya mashuka. Hapakuwa na aliyetufukuza. Tuliogopa tu kile kiasi kilichokuwa kinaongezeka.

Vumbi_la_Rafu
Baba, umenifunga mdomo kwenye uchura, nakubali. Na hilo la faini si lenu peke yenu. Chicago walifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimelala majumbani vikaanza kurudi. Mkutubi, kama faini huwezi kuzifuta, omba angalau kadi za watoto zisitozwe.

Mkutubi_Mchanga
Nimerudi baada ya wiki mbili. Faini bosi kakataa, atafikiria mwakani. Viti nimeviondoa. Mzazi mmoja alinuna, akasimama ukutani saa nzima, wengine wamekaa. Vitabu vya picha tupu tunavyo vinne tu na vyote vimeazimwa.

Stika sasa ni za siku. Yule binti amekichukua tena kitabu cha bahari. Anasema amesahau mwanzo, ataanza ukurasa wa kwanza, na ameniuliza kama siku za kurudia zinahesabika. Nimemwambia zinahesabika.