Wewe uliyesema "tiketi si kesi, tia HAPANA": mji wa punda nimeusikia

Mkate_wa_Mofa ameanzisha uzi:

Jamani, naandika haya mkono ungali unatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Malindi nzima yamjua, hata kuku wa Barani wamjua. Yule bingwa wetu wa fomu za Marekani, aliyekaa kule miezi tisa akarudi na lafudhi ya miaka arobaini.

Jana baada ya Isha, barazani, kijana wa watu katandaza N-400 yake, ile fomu ya kuomba uraia wa Marekani, juu ya jamvi, yuwauliza kwa adabu: zile tiketi, yaani notisi za faini alizoandikiwa na polisi kwa kuendesha kasi Ohio 2016, azijibu vipi? Bingwa kidole kimo ndani ya sahani ya halwa, hata fomu hakuitazama. "Tiketi si kesi. Tia HAPANA."

Nikamwambia taratibu, ami, swali halisemi kesi. Sikumaliza. Akalamba kidole, akanitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akasema mbele ya kaumu: "We watoka mji wa punda, gari umeliona ukubwani. Tiketi utaijulia wapi?"

MJI WA PUNDA, yaani kwetu Amu (Lamu). Na baraza zima likacheka. Muuza kahawa alicheka mpaka dele likamtikisika.

Sasa sikilizeni, halafu mniambie ni nani punda. Swali liko Sehemu ya 9, nambari 15. Lauliza kama UMEWAHI, na hiyo UMEWAHI imepigwa kwa herufi kubwa ili hata mla halwa aione, kukamatwa, kuandikiwa notisi, kuzuiliwa au kufungwa na ofisa yeyote wa usalama, kwa sababu yoyote, Marekani au kwingineko. Neno la Kiingereza pale ni "cited". Tiketi ndiyo hiyo! Halikuuliza kama ulilala ndani. Halikuuliza miaka mitano iliyopita. Limeuliza UMEWAHI.

Na unaitia HAPANA yako, halafu siku ya intavyuu unainua mkono, unaapa, ofisa anakusomea lilelile swali, nawe wasema hapana tena. Tiketi ya dola 150 isingemnyima mtu uraia. Uongo chini ya kiapo ndio unaomnyima, kwa sababu sheria yao yasema wazi kuwa asemaye uongo chini ya kiapo ili apate manufaa ya uhamiaji hana tabia njema. Pale kosa la barabarani limekwisha kusahauliwa, linalojadiliwa ni wewe.

Kisha kile kidole cha halwa akakigandamiza juu ya fomu, palepale kwenye nambari 15. Doa la samli, duara, lang'aa kama muhuri wa serikali. Mji wa punda!

Mwana_wa_Barani:
Pole kaka. Lakini punda si wapo?

Dau_la_Matondoni:
Wapo na wana adabu kumshinda huyo. Punda hajazi fomu ya mtu kwa shilingi elfu tano.

Kaskazi_Kali:
Tumwonee kidogo, tusimwonee sana. Bingwa ana hoja. Maelekezo ya fomu yenyewe yasema tiketi ya barabarani ambayo hukukamatwa, na adhabu yake ilikuwa faini chini ya dola 500 au pointi za makosa kwenye leseni tu, huna haja ya kupeleka karatasi zake. Isipokuwa iwe na pombe au dawa za kulevya ndani yake. Kwa hiyo tiketi ndogo si kitu.

Mkate_wa_Mofa:
HUNA HAJA YA KUPELEKA KARATASI. Karatasi! Hawakusema huna haja ya kusema! Unatia NDIYO, kwenye jedwali la chini unaandika kosa gani, tarehe, mahali, na lilivyoisha: "faini dola 150, imelipwa." Basi. Jedwali likijaa unahamia Sehemu ya 14, unaandika namba ya ukurasa, ya sehemu na ya swali, unaendelea. Hilo ndilo nililotaka kusema jana kabla sijaambiwa natoka mji wa punda.

Mwana_wa_Barani:
Ameshasema mara tatu sasa. Nahesabu.

Karani_Mstaafu:
Niongeze kwa wanaohitaji, maana matusi hayajazi fomu.

Kwanza, usijaze kwa kukumbuka. Omba rekodi ya udereva katika ofisi ya leseni ya kila jimbo ulilowahi kukaa. Majimbo mengi yana rekodi fupi ya miaka mitatu na rekodi kamili. Chukua kamili. Watu huchukua ile fupi kwa sababu ni nafuu, wakaona nyeupe, wakafurahi. Nyeupe ile haina maana hukuandikiwa tiketi, ina maana pointi zimekwisha muda wake.

Pili, iliyofika kortini, au iliyozidi dola 500, au iliyokuwa na pingu hata kwa saa moja, nenda kwa karani wa mahakama iliyoiamua. Usiombe risiti, omba nakala ya uamuzi wa mwisho yenye muhuri wa mahakama. Risiti yaonyesha ulilipa, haionyeshi ulilipa kwa kosa lipi. Mahakama ikiwa imeshaharibu majalada ya zamani, usiondoke mikono mitupu: omba barua yenye nembo yao isemayo wametafuta na hawakupata.

Tatu, ambayo hukulipa. Hapa ndipo watu huumia. Tiketi ya dola 150 uliyoitia kwenye droo, mahakama ilikuita hukwenda, barua ikatumwa kwenye nyumba uliyokwisha kuhama. Majimbo mengi husimamisha leseni kwa hilo, na hakimu aweza kutoa hati ya kukamatwa. Wewe hujui, unaendelea kuendesha. Kuendesha na leseni iliyosimamishwa si tiketi tena, mahali pengi ni jinai. Kisha unakwenda kupigwa alama za vidole kwa ajili ya uraia, na alama zile huenda FBI, polisi wao wa upelelezi. Malizeni hayo kabla ya kutuma fomu, mkiwa na wakili kama kuna hati ya kukamatwa. Kulipa mara nyingi ni kukubali kosa, kwa hiyo jua kwanza unakubali kosa gani.

Bi_Asumini:
Karani kasema vyema, ila kasahau majina, na majina ndiyo maradhi yetu sisi watu wa pwani. Mtu ana jina lake, la baba, la babu. Polisi wa Marekani akishika kadi huandika la mwisho, yaani babu. Ofisi ya leseni nayo imeandika jina la baba. Ukimuuliza karani wa mahakama kwa jina moja tu atakwambia hakuna kitu, nawe utaamini. Mwambieni atafute yote: Abubakar, Abubakr, Abu Bakar, na "bin" ikiwemo na isiwemo. Na tarehe ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari kwa nusu ya ukoo, kwa hiyo pelekeni na namba ya leseni.

Mkate_wa_Mofa:
Ahsante Bi Asumini. Mtu wa Amu hujulikana kwa kauli yake. Wengine hulamba vidole.

Bi_Asumini:
Mimi ni wa Shela.

Mwana_wa_Barani:
Shela ya kwenu au Shella ya kwetu Malindi?

Bi_Asumini:
Shela ni moja mwanangu. Hiyo yenu ina L mbili kwa sababu ni kopi.

Mgeni_Mpya_01 (amejiunga leo):
Mimi simjui mtu anayesemwa hapa ila nimesikia ni mtu mwenye elimu na uzoefu mkubwa wa Marekani, na anasaidia vijana kwa bei nafuu. Pia uhamiaji huangalia miaka mitano tu, au mitatu kwa aliyeoa raia. Tiketi ya 2016 imeshakufa.

Dau_la_Matondoni:
Ami, pangusa halwa kwenye simu kwanza.

Mwana_wa_Barani:
😂😂😂 Amejiunga leo saa moja kasorobo!

Mkate_wa_Mofa:
NDIYE! Wallahi ndiye! Haya, nakujibu hapa kwa kuwa hapa huna wa kumchekesha. Miaka mitano, au mitatu kwa anayeishi na mume au mke ambaye ni raia, ni kipindi unachotakiwa kuthibitisha tabia njema. Si mpaka wa kuulizwa. Ofisa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi, na swali limesema UMEWAHI. Na Agosti 2025 idara yao ya uhamiaji ilitoa waraka unaowaambia maofisa wapime tabia kwa jumla, na ndani yake umetajwa uendeshaji wa hovyo na makosa ya barabarani ya mazoea. Kwa hiyo tiketi moja ni mbu. Tiketi kumi na mbili ni malaria.

Na nikuulize moja, bingwa. Fomu ile ina Sehemu ya 13, ya mtayarishaji. Anayemjazia mtu fomu anatakiwa aandike jina lake, anwani yake, atie sahihi yake. Mbona elfu tano unazipokea na Sehemu ya 13 unaiacha nyeupe kama kanzu ya Idi?

Mgeni_Mpya_01:
Hayo ni mambo ya kitaalamu.

Kaskazi_Kali:
Hapo kwa Sehemu ya 13 mimi najitoa. Simtetei tena.

Usiku_wa_Manane:
Samahani nimechelewa. Tiketi za kuegesha gari nazo huandikwa?

Karani_Mstaafu:
Hapo hata mawakili hawakubaliani. Wengine husema tiketi ya kuegesha, kama ile ya kamera, huandikiwa gari, si mtu, hakuna ofisa aliyekusimamisha. Wengine husema andika mstari mmoja, ulale usingizi. Muhimu zilipwe. Pombe ni habari nyingine kabisa: hukumu mbili za kuendesha ukiwa umelewa ndani ya kipindi chako, wanakuhesabu huna tabia njema mpaka wewe ndiye uthibitishe kinyume. Huo ni uamuzi wa 2019. Usijaze chochote bila wakili.

Na jambo lisilosemwa: mahakama nyingine humwambia mtu, tiketi hii tunaiweka kando miezi sita, usipokosa tena tutaifuta. Hiyo miezi sita huenda ikahesabiwa kuwa uko chini ya uangalizi wa mahakama, na aliye chini ya uangalizi hapitishwi mpaka muda uishe. Subiri uishe, chukua karatasi ya kufutwa, ndipo utume. Iliyofutwa pia hutajwa, kufutwa si kutotokea. Ada ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi.

Usiku_wa_Manane:
Na za huku nyumbani? Mtu alisimamishwa na askari akiwa juu ya bodaboda hapa Malindi bila kofia, akapelekwa kortini, akatozwa.

Bi_Asumini:
Swali limesema "au kwingineko". Malindi ni kwingineko. Tafuteni nakala ya uamuzi wa korti, na cheti cha tabia njema kutoka eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, kiwepo karibu.

Mwana_wa_Barani:
Na aliyempa askari chai barabarani? Chai haina risiti.

Karani_Mstaafu:
Nambari 15 ina a na b. Ile ya a yauliza kosa ulilotenda ukawa hukukamatwa. Chai yako yaishi humo.

Mwana_wa_Barani:
Basi matatu nzima ya Mombasa hadi Malindi haina mtu atakayepata uraia.

Dau_la_Matondoni:
Nyinyi mwalia na uraia wa Marekani, sisi Amu twalia na kitambulisho cha Kenya! Mtoto wa miaka kumi na minane aulizwa cheti cha babu. Babu alizaliwa daoni! Cheti akitoe wapi, kwa papa?

Kaskazi_Kali:
Hilo ndilo la kufunguliwa uzi, si halwa.

Karani_Mstaafu:
Na wanaoapa Marekani msisahau huku: Kenya yaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, ila sheria ya 2011 inakutaka uarifu serikali ndani ya miezi mitatu tangu upate uraia wa pili.

Usiku_wa_Manane:
Mimi shida yangu ni bodaboda za forodhani Amu. Mtu hawezi kupita na mtoto siku hizi. Hao ndio wa kuandikiwa tiketi.

Dau_la_Matondoni:
Kabisa. Zilipokuwa punda tupu hakuna aliyegongwa.

Mwana_wa_Barani:
Alikanyagwa, hakugongwa.

Bi_Asumini:
Na kinyesi je? Punda tiketi ataandikiwa nani, mwenyewe au mzigo?

Mkate_wa_Mofa:
Jamani turudini kwenye mada. Alinyoosha kidole. Mbele ya watu. MJI WA PUNDA.

Mwana_wa_Barani:
Nne.

Kaskazi_Kali:
Kijana mwenyewe aliishia kutia nini?

Mkate_wa_Mofa:
Fomu yenye doa tumeichana, amechukua nyingine. NDIYO, kwa wino mweusi, tiketi mbili, tarehe, mji, faini, imelipwa.

Bi_Asumini:
Alhamdulillahi. Hiyo halwa yenyewe ilikuwa ya wapi? Maana ya Malindi haiachi doa la samli hivyo.

Mkate_wa_Mofa:
Ya Amu! Aliletewa na shemeji yake kwa basi la Mokowe, ndani ya kikapu! Yuwala halwa ya mji wa punda akiutukana mji wa punda!

Usiku_wa_Manane:
Kilo sasa ni bei gani kule?