Filamu uliyotazama karibuni ikakukaa moyoni: tupeane uzoefu

MLETA MADA

Wakuu, habari zenu.

Nikimuuliza mtu nitazame nini wikiendi, najibiwa jina la filamu na maneno mawili: "kali sana". Naenda kuitafuta, nusu saa haijaisha nimeshasinzia. Filamu yenyewe unakuta si mbaya, ila yeye aliitazama akiwa na lake moyoni na mimi naitazama na langu. Kwa hiyo naomba humu tuende tofauti kidogo: taja filamu, sema ulikuwa katika hali gani, kisha tueleze kilichokushika. Mwisho wa hadithi uache palepale ulipo, tusiharibiane uhondo.

Nafungua mimi. The Father, ya 2020, mwongozaji Florian Zeller. Anthony Hopkins ndiye mzee mwenyewe, na kwa kazi hiyo alichukua Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 83.

Baba yangu ana maradhi ya kusahau. Yalianza polepole, mara miwani haionekani, mara ananiita kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Jioni moja nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta, akaniuliza, "Huu mlango kauhamisha nani?" Nikamjibu, tena kwa sauti ya juu, kwamba mlango uko palepale tangu nyumba ijengwe. Akanyamaza. Akaendelea kuupapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Wiki mbili baadaye ndiyo nikaitazama hiyo filamu. Mzee anaishi kwenye fleti, lakini ukiwa makini unaona fleti yenyewe inageuka. Vyombo si vilevile, samani zimebadilika, na hakuna anayekuambia kitu. Anaingia mwanamke anasema yeye ndiye binti yake, na sura si ya yule binti tuliyemwona mwanzo. Nikarudisha nyuma nikidhani nimepitiwa. Sikupitiwa. Mwongozaji ameniingiza kwenye kichwa cha mzee, na humo ndani milango inahama kweli.

Siku iliyofuata baba akauliza tena habari ya mlango. Nikamwambia, "Twende tukautafute, baba." Tukaenda tumeshikana mikono, tukaufikia, akaufungua mwenyewe. Ni filamu ya dakika 97 tu. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani naomba asiitazame peke yake.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Pole sana mkuu, Mungu ampe mzee wepesi.

Mimi nilikuwa sigusi filamu isiyo na rangi. Juzi intaneti ikakata, kwenye flashi imebaki 12 Angry Men tu, ya 1957, ya mwongozaji Sidney Lumet. Wanaume 12 wa baraza la mahakama wamefungiwa chumbani waamue kama kijana mmoja ana hatia ya kuua. Kura ya kwanza: 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hana uhakika. Basi. Karibu filamu nzima ni hicho chumba na joto lake.

Kilichonishika kina sababu. Kazini niliwahi kukaa kwenye kamati ya nidhamu, kuna mwenzetu alikuwa anatuhumiwa wizi. Mwenyekiti akauliza nani anakubali afukuzwe, mikono ikapanda yote, na wangu ukapanda. Ushahidi ulikuwa karatasi moja ambayo hatukuigeuza hata upande wa pili. Kwa hiyo nilivyomwona yule mmoja amebaki hajanyoosha mkono, na wenzake wanamgeukia kwa macho ya "unatuchelewesha", nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza.

Kwa wanaopenda ufundi: Lumet mwenyewe alieleza kwamba alianza na kamera juu ya usawa wa macho, katikati ya filamu akaishusha ikawa sawa na macho, mwishoni ikawa chini zaidi mpaka dari inaonekana. Na lenzi alikuwa akibadilisha, anaweka ndefu zaidi kadiri hadithi inavyosonga, kuta zikawa kama zinawasogelea watu. Nilihisi kubanwa bila kujua nabanwa na nini. Niliporudia mara ya pili nikaiona hiyo dari.

MCHANGIAJI WA PILI

Oppenheimer ya 2023. Mara ya kwanza niliitazama nimechoka kazini, urefu wake masaa matatu, miaka inaruka mbele na nyuma, sikuambulia kitu. Nikawa nawaambia watu haifai. Naomba radhi kwa wote niliowakatisha tamaa.

Ufunguo ni huu: sehemu zenye rangi tunaona mambo kama Oppenheimer mwenyewe, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, anavyoyaona, na sehemu zisizo na rangi ni upande wa Strauss, yule mkubwa wa tume ya atomiki aliyekuja kuwa adui yake. Ukishalijua hilo, zile ruka-ruka zinakaa sawa. Itazameni asubuhi mkiwa na akili mpya.

MCHANGIAJI WA TATU

Nina mtoto wa miaka sita, hajaweza kusoma maandishi ya chini, na mimi nilichoka kumtafsiria. Tulipopata Flow ya 2024 ndipo nikapumua. Ni ya mwongozaji wa Latvia, Gints Zilbalodis, na haina neno hata moja linalosemwa. Paka mmoja, mafuriko yanapanda, anajikuta kwenye mashua na mbwa, lemuri, kapibara na ndege mrefu mweupe wa jamii ya karani tamba. Wanyama hawasemi kama watu. Paka analia kipaka, mbwa anabweka.

Kuna mahali maji yanapanda kwenye sanamu kubwa ya paka, na paka wetu anakimbilia juu, juu, mpaka kwenye masikio ya sanamu. Mwanangu alinishika kidole gumba akakikaza, hakuniuliza kitu. Baadaye kitandani ndiyo akaniambia, "Mama, yule paka mwanzo alikuwa hataki marafiki." Mimi sikumwambia hilo. Hakuna mtu aliyemwambia.

Ilipata Oscar ya katuni bora mwaka 2025, na waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo yeyote anaipakua bure. Wenye vijana wanaopenda kuchora, waonesheni hii na muwaambie hilo.

MCHANGIAJI WA NNE

Nauliza tu, nyie maandishi ya chini hayawachoshi? Mimi nikisoma sioni picha, nikiona picha sisomi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

@Mchangiaji wa nne, nilikuwa hivyohivyo. Anza na Parasite ya Bong Joon-ho, ya 2019 kutoka Korea Kusini, iliyokuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Dakika kumi za mwanzo utahangaika, baada ya hapo hutakumbuka kama ulikuwa unasoma. Kuna usiku wa mvua familia moja inakimbia kurudi kwao, wanashuka ngazi, wanashuka tena, maji yanashuka nao. Pale husomi chochote, na unaelewa kila kitu.

MCHANGIAJI WA TANO

Dada yangu ni kiziwi. Miaka yote tukitazama filamu anatusubiri sisi tucheke ndipo ajue kuna cha kuchekesha.

Mwezi uliopita tukatazama A Quiet Place, ya 2018. Familia inaishi kimya kabisa kwa sababu kuna viumbe wanaowinda kwa kusikia, na wanazungumza kwa lugha ya alama. Binti wa familia anaigizwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli. Kuna mahali kamera inaingia upande wa huyo binti, sauti inakatika yote. Hakuna muziki, hakuna upepo. Mimi nikashtuka, nikadhani spika imekufa. Dada akanitazama, akanionesha kidole kwenye sikio lake, kisha kwenye runinga, kisha kifuani kwake.

Alama zao nyingi ni tofauti na anazotumia yeye, bado alikuwa ananitangulia kujua nini kitatokea, kwa kusoma nyuso tu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa namtazama yeye nijue niogope lini.

MCHANGIAJI WA SITA

Fupi: Society of the Snow, ya 2023, ya J. A. Bayona. Ndege iliyobeba timu ya raga kutoka Uruguay ilianguka milima ya Andes Oktoba 1972, na waliookoka walikaa huko siku 72. Itazameni kwa Kihispania chake, msichukue iliyoingizwa sauti nyingine. Kila mtu anapofariki, jina lake na umri wake vinaandikwa kwenye kioo. Wengi wana miaka ishirini na kitu. Mimi nilianza kuyasoma kwa sauti, sikupanga.

Mwenye safari ya ndege karibuni aisubirishe.

MLETA MADA

Asanteni sana, mmenifikisha mbali kuliko nilivyotegemea. Mchangiaji wa tano, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mama wa mtoto wa miaka sita, Flow nimeshaipata. Nitaitazama leo usiku na baba. Haina maneno ya kumchanganya, na paka anawapenda.

Wengine endeleeni.