Tupeane uzoefu: kuzunguka visiwa vya Ssese na Bunyonyi kwa kikundi cha vijana

Mwanzisha mada

Wakuu, habarini. Desemba inakaribia na vikundi vya vijana kumi, kumi na wawili, vimeshaanza kuchanga pesa za kwenda visiwani. Maswali yanayokuja ni yale yale: tupite Nakiwogo, upande wa Entebbe, au Bukakata, upande wa Masaka? Tukodi boti letu au tupande la abiria? Siku ngapi zinatosha? Naomba anayeijua njia aandike kwa vipimo: saa, lita, hatua za kufuata, na mahali mambo yanapoharibika. Tuandike yatakayomsaidia mtu ambaye hajawahi kukanyaga mwaloni, pale boti zinapotia nanga.

Naanza na ratiba, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Ssese ni visiwa 84 vya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, na kikundi kigeni hutaka kuviona vitano kwa siku mbili. Haiwezekani. Kwa kikundi cha watu 12, mpango unaokaa vizuri ni usiku minne: usiku mitatu Bugala, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, usiku mmoja kisiwa kidogo kama Banda, halafu siku moja tupu isiyopangiwa kitu. Hiyo siku tupu ni ya ziwa. Likichafuka, mnaitumia kusubiri. Likitulia, mnaongeza safari. Kikundi kisicho na siku tupu ndicho kinachojikuta kinamlazimisha nahodha avuke wakati hataki.

Wa Nakiwogo

Nyongeza kuhusu kivuko cha MV Kalangala. Kinaondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kinafika Lutoboka, gati la kisiwa cha Bugala, kama saa kumi na moja na nusu jioni, safari ya masaa matatu na nusu. Kurudi kinatoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Sasa pigeni hesabu: mkiondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, mmepata siku moja nzima tu, Jumamosi. Jioni ya Ijumaa mnafika jua linakaribia kuzama, Jumapili mnaamka kufunga mizigo. Kwa hiyo wikiendi peke yake ni kukaa ufukweni Lutoboka, si kuzunguka visiwa.

Muwe mmefika gatini kabla ya saa sita mchana, hasa Ijumaa na wakati wa sikukuu, kwa sababu tiketi za viti huisha mapema. Wenzenu wageni wa Kiingereza waelezeni mapema kwamba saa nane ni ile wanayoiandika 14:00; kuna vikundi vinavyopoteza watu kwa kosa hilo tu. Na siku moja kabla ya safari ulizieni kama kivuko kinafanya kazi, kwa sababu kuna nyakati kinapelekwa matengenezo na watu wanageuzwa kwenda njia ya Masaka.

Kutoka gati ya Lutoboka hadi mjini Kalangala ni mlima wa kama kilomita mbili. Boda zipo, lakini wenye mabegi mepesi wanaweza kupanda kwa miguu.

Njia ya Masaka

Mimi kwa kikundi kikubwa napendekeza Bukakata. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, halafu Masaka hadi Bukakata karibu 40. Kivuko cha kwenda Luku, upande wa pili wa Bugala, hakina nauli, na kuvuka kwenyewe hakuzidi saa moja. Ukishuka Luku bado una mwendo mrefu wa barabara kufika mjini Kalangala, katikati ya mashamba ya michikichi. Watu wengi hawaijui hiyo sehemu ya mwisho, wanadhani wakivuka wamefika, kumbe bado safari.

Hakivuki usiku. Ukitoka Kampala saa sita mchana na foleni ya Mpigi ikakushika, utalala Bukakata. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Sikukuu zikifika foleni ya magari mwaloni huwa ndefu, lakini mtembea kwa miguu anapita moja kwa moja: shukeni kwenye taksi upande huu, vukeni kwa miguu, chukueni taksi nyingine Luku.

Fundi wa mashine

Hapa pa kukodi boti ndipo pa kukaa sana, niruhusuni niandike kwa urefu.

Boti nyingi za mbao zinazobeba vikundi zina mashine ya nguvu farasi 40. Ikienda kwa kasi, mashine hiyo inakula kama lita 15 kwa saa. Hesabu ya mafuta ni mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, fungu la akiba lisiloguswa. Mkienda mwendo wa saa moja na nusu na kurudi saa moja na nusu, mnahitaji lita 45 za safari, kwa hiyo mnabeba 68, tuseme 70. Mashine za mchanganyiko zinataka oili moja kwa petroli hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita. Oili ikipungua, pistoni inashika katikati ya ziwa. Ikizidi, plagi zinachafuka na mashine inazimika kila mkipunguza mwendo.

Nunueni petroli wenyewe bara, kwenye pampu, mbele ya nahodha. Visiwani inauzwa kwenye chupa na madumu kwa bei ya juu, na mara nyingi ina maji. Maji yanakaa chini, kwa hiyo dumu likitikiswa na mawimbi yanapanda kwenye bomba na mashine inakohoa. Mimineni kwa faneli yenye kitambaa na muache kidole kimoja cha mafuta chini ya dumu.

Kabla ya kuondoka mwambieni nahodha awashe mashine kwa dakika tano. Angalieni nyuma: kuna kijito cha maji chembamba kinachoruka kutoka kwenye mashine. Kikiwa na nguvu, upoozaji unafanya kazi. Kikidondoka matone, gugu maji au mchanga umeziba njia, na mashine itachemka ndani ya nusu saa. Muulizeni ana nini kwenye kisanduku: plagi mbili, pini ya akiba ya panga (lile linalozunguka majini kusukuma boti), spana ya plagi, koleo, kisu. Kisu ni cha nyavu. Wavuvi hutega usiku na asubuhi maboya yao ni chupa za plastiki ambazo huzioni kwenye mawimbi. Uzi ukijisokota kwenye panga, lazima ukatwe.

Mzigo. Watu 12 wa kilo 70 ni kilo 840. Mabegi ya kilo 15 kila mmoja, 180. Ongeza mafuta, maji na chakula, mmepita tani moja na nahodha bado hamjamhesabu. Kipimo rahisi: wote wakishakaa, umbali kutoka maji hadi ukingo wa boti, pale palipo chini kabisa, usipungue dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole. Ukipungua, gaweni safari mbili au chukueni boti kubwa. Msibishane juu ya hili.

Jaketi: kila mtu avae lake kabla ya kupanda, afunge vifungo vyote, halafu mwenzake amvute kwa mabega kwenda juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijafungwa. Bonyeza sponji ndani. Likivunjikavunjika kama mkate mkavu, rudisha. Tarehe 24 Novemba 2018 boti la starehe lilizama upande wa Mukono likiwa limejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 30 wakafa karibu kabisa na ufuko. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka kujiburudisha kama hawa tunaowaandikia. Kwa hiyo pombe ibaki nchi kavu, muziki usiwe sababu ya watu kusimama, na picha zisiwavute wote upande mmoja.

Wa Kasenyi

Fundi amemaliza kuhusu mashine, mimi niongeze hali ya ziwa. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa mvua ya radi, mara nyingi usiku wa manane hadi alfajiri. Asubuhi hutulia. Mchana upepo wa ziwa unaanza kujenga mawimbi tena. Dirisha zuri la boti dogo ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tano. Mkiona mstari mweusi juu ya maji kwa mbali na upepo wa baridi ukawapiga ghafla, geuzeni kwenye kisiwa kilicho karibu, hata kama sicho mlichopanga.

Mashine ikizimika kwenye mawimbi, boti linageuka ubavu na kuanza kunywa maji. Chukueni dumu la lita 20 lililokatwa juu, lifungeni kamba ya mita 10 kwenye pua ya boti, litupeni majini. Linajaa na kuvuta, pua inabaki inaangalia mawimbi. Wote wakae chini sakafuni, wawili wachote maji kwa kopo, mmoja apige simu 999.

Kwenye mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, hakuna gati. Vijana watawabeba mabegani hadi kwenye boti kwa malipo madogo. Tafadhali kubalianeni bei mkiwa bado nchi kavu, na simu iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Anayekubeba yuko ndani ya maji hadi kifuani, shika kichwa chake, usimshike shingo.

Muuguzi

Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia penye matete, kwa hiyo kuogelea penye mawimbi na mchanga mtupu kunapunguza hatari ila hakuiondoi. Mliogusa maji, nendeni kliniki wiki sita hadi nane baadaye. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Msinywe siku mnayorudi, kwa sababu dawa haiui minyoo michanga.

Chandarua hata kwa usiku mmoja. Homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, pimeni malaria siku hiyo hiyo. Na mkiona moshi umesimama juu ya ziwa bila moto, ni esami, visubi vya ziwani. Haviumi. Zimeni taa, funikeni sufuria.

Mweka hazina

Pesa: mmoja ashike, mwingine aandike. Nahodha alipwe nusu kuondoka, nusu mkifika bara. Fungu moja katika kila saba liwe akiba, ni la usiku wa ziada ziwa likikataa. Bebeni noti ndogo. Visiwa vidogo mtandao wa pesa za simu hukatika. Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu kwa siku, kwa watu 12 ni madumu mawili ya lita 20. Samaki: ngege wa kilo moja anatosha wawili, agizeni asubuhi kabla wachuuzi hawajapeleka bara.

Ngamba, kisiwa cha sokwe kilichoanzishwa 1998, kiko kama kilomita 23 kutoka Entebbe. Fanyeni ziara hiyo siku yake, msiichanganye na Ssese. Weka nafasi mapema, na mwenye mafua abaki, sokwe huambukizwa na binadamu.

Mkifika kisiwa cha Bubembe, kumbukeni ni mahali pa Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya jadi ya Baganda. Ulizeni wenyeji kabla ya kupiga picha au kuingia.

Wa Kabale

Wasioogelea, au wanaoogopa kichocho, waje Ziwa Bunyonyi, huku Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Visiwa 29, hakuna kiboko wala mamba, na umbali kati yao ni mfupi. Ni karibu mita 1,960 juu ya bahari, kwa hiyo leteni sweta.

Mtumbwi wa gogo hauna mkuku, ndiyo maana mgeni huzunguka palepale. Mmoja mbele apige kasia tu, wa nyuma aongoze: vuta kasia karibu na ubavu, mwishoni mwa mpigo geuza bapa lisukume nje kidogo. Pigeni magoti, msikae kwenye ukingo. Kutoka mwalo wa Rutinda hadi kisiwa cha Itambira mgeni atumie karibu saa moja. Mkianza baada ya saa nane mchana upepo utawarudisha. Mabegi yapakiwe kwenye boti la mashine, mtumbwi ubebe watu watatu tu.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Swali moja limebaki kutoka kwa dada mmoja: kivuko kisipoondoka Lutoboka asubuhi, tufanyeje?

Wa Nakiwogo

Dada, saa mbili na nusu wakishatangaza, msikae gatini kusubiri. Wawili wapande mjini mara moja kutafuta taksi ya Luku kabla abiria wengine hawajazijaza, waliobaki walinde mizigo. Mkiondoka Kalangala saa nne, mtakuwa Masaka mchana.